Fundi anakusubiri wewe, nawe unamsubiri fundi

SWALI: Assalaam alaykum, kaka. Mimi na mume wangu tuna nyumba ya wageni ya vyumba 9 hapa Kilwa Masoko, na boti moja ya mashine ya kupeleka watalii kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Mwezi wa kwanza tulimpa kijana mmoja kazi ya kututengenezea tovuti kwa shilingi 1,200,000, tukamlipa nusu. Sasa ni mwisho wa mwezi wa nne. Tulichoonyeshwa ni ukurasa wa mbele tu, tena kwenye kompyuta yake, na rangi imeshabadilishwa mara nne: mara mimi, mara mume wangu, mara shemeji aliyeko Dar. Kila tukimpigia anasema anasubiri maudhui. Jina la tovuti, lenye .co.tz, amelisajili yeye, na mume wangu ameshalichora ubavuni mwa boti. Wageni wanaanza kuongezeka mwezi wa sita. Mume wangu anasema tumwache huyu tutafute mwingine. Unatushauri nini? (Mama wa vyumba tisa, Kilwa Masoko)

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Msimwache bado. Kwa maelezo yako, kijana huyu amekosea jambo moja zito, nalo ni kusajili jina la biashara yenu mikononi mwake. Hilo tunalinyoosha kwanza. Lakini kuchelewa kwenyewe kumetoka zaidi kwenu kuliko kwake. Nimekaa upande wa fundi miaka mingi hapa Mtwara, na tovuti nilizoziona zikifia njiani hazikukosa fundi anayejua kazi. Zilikosa maneno na picha. Mwenye biashara anadhani fundi ataandika, fundi anadhani mwenye biashara ataleta, na miezi inapita kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa moyo safi kabisa. Mkimpata fundi mpya leo, wiki ya pili atawauliza lile lile: maudhui yako wapi?

Hatua ya mwanzo ya tovuti ni kazi ya mwenye biashara. Kazi ya fundi inaanza baadaye kidogo.

Tuanze na jina, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Majina yanayoishia .tz yako chini ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, na sisi wananchi tunayapata kupitia wasajili walioidhinishwa, kwa malipo ya kila mwaka. Msajili anapoandika jina lako huandika pia mmiliki ni nani na baruapepe yake ni ipi. Aliyeandikwa pale ndiye mwenye jina machoni mwa msajili, hata kama fedha zilitoka mfukoni mwako na hata kama jina limechorwa kwenye boti yako. Mwulize kijana mambo manne, akujibu kwa maandishi: msajili ni nani, mmiliki aliyeandikwa ni nani, baruapepe iliyoandikwa ni ipi, na malipo yanaisha tarehe gani. Kisha aombe mabadiliko. Mmiliki aandikwe kama lilivyo jina kwenye cheti chenu cha BRELA, wale wanaosajili biashara, na baruapepe iwe yako.

Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Baruapepe ya usajili isiwe ile inayotumia jina hilohilo la tovuti. Siku malipo yakisahaulika na jina likazimwa, sanduku la baruapepe linazimwa pamoja nalo, na ule ujumbe wa kukukumbusha ulipie unakwenda kwenye sanduku lililokufa. Weka Gmail yako ya siku zote, na namba ya simu ya kukurudishia akaunti iwe yako au ya mumeo. Nilishamhudumia mfanyabiashara mmoja wa Lindi ambaye jina lake lilisajiliwa kwa baruapepe ya fundi. Fundi alihama mkoa, akabadilisha namba, jina likaisha muda bila mtu kujua. Mzee yule aligundua pale wateja walipomwambia barua zao zinarudi. Ilibidi aanze na jina jipya, na kadi zote alizokuwa amechapisha zikawa hazina kazi. Iliniuma kumwambia kwamba hakuna ninaloweza kumfanyia.

Mbali na jina kuna hosti, yaani kompyuta ya mbali inayotunza kurasa zenu. Huo ni mkataba mwingine na unaweza kuwa na kampuni nyingine. Akaunti yake nayo iwe yenu, na fundi apewe njia yake ya kuingilia ambayo mnaweza kuifunga siku mkiachana. Msitumie nywila moja watu watatu.

Kama kijana amelipia jina kwa fedha zake, mrudishieni, mpate risiti. Mara nyingi mafundi husajili kwa jina lao kwa sababu ndivyo ilivyo rahisi usiku ule wa kuanza kazi, bila nia mbaya. Lakini akikataa kukabidhi, au akianza kuzungusha maneno, basi mumeo ana haki: hapo ndipo mnaachana naye. Msing'ang'anie jina kwa sababu limechorwa. Kupaka rangi ubavu wa boti ni kazi ya asubuhi moja, na jina jipya mtalipata siku hiyohiyo. Kuishi na jina ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mliyegombana naye ni mzigo wa kila mwaka.

La pili ni hizo rangi nne. Ninyi ni watu wa bahari, mnajua manahodha wengi chombo huenda mrama. Chagueni mtu mmoja wa kusema ndiyo au hapana kwa fundi. Kwa jinsi ulivyoandika, ningependa awe wewe. Mumeo na shemeji waseme yote kwako, wewe uyachuje, kisha umpelekee fundi orodha moja kwa maandishi, si jumbe tano za sauti kutoka kwa watu watatu. Na mkubaliane naye kwamba kila ukurasa una marekebisho ya raundi mbili, ya tatu inalipiwa. Sheria hiyo inamlinda yeye, lakini inawalinda zaidi ninyi, maana inawalazimisha kuamua. Rangi yenyewe haina uzito mnaoipa. Hakuna mgeni aliyeacha kuja Kilwa kwa sababu kitufe kilikuwa cha kijani.

Kabla hujaandika neno lolote, andika sentensi moja inayosema tovuti hii inafanya kazi gani. Yako ningeiandika hivi: mtu aliyeko Dar au Ujerumani aifungue kwenye simu, ajue atafikaje Kilwa Masoko, chumba ni shilingi ngapi, na safari ya Kisiwani ikoje, kisha atutumie ujumbe wa WhatsApp. Basi. Kila wazo litakalokuja, lipime kwa sentensi hiyo. Malipo ya kadi, video ya kuruka na droni, ukurasa wa habari za kila wiki, yote hayo yaandikwe kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, mtayarudia mwaka ujao. Malipo ya mtandaoni hasa nawasihi myaache kwa sasa, maana yana makato, yana masharti ya usalama, na kwa vyumba 9 mazungumzo ya WhatsApp yanatosha. Na msimwombe mgeni hata siku moja awatumie namba ya kadi yake kwa ujumbe au kwa fomu ya tovuti.

Sasa maneno. Mnahitaji kurasa tano: mwanzo, vyumba na bei, safari za boti, jinsi ya kufika, na mawasiliano. Usikae kuandika kama mtu anayeandika tangazo. Fanya hivi: mumeo akiwa anapeleka wageni, mwambie arekodi kwa simu yale anayowaeleza njiani, na maswali wanayomwuliza. Rudi nyumbani, sikiliza, andika. Utapata ukurasa wa boti ambao fundi wa Dar au wa Mtwara hawezi kuutunga, kwa sababu haujui. Boti inaondoka saa ngapi? Wanakaa watu wangapi? Jaketi za kuokolea zipo kwa kila mtu, na za watoto je? Kibali cha kuingia magofuni hukatwa Masoko kabla ya kuvuka: ninyi mnamsaidia mgeni kukikata au anakwenda mwenyewe, na kiko ndani ya bei yenu au nje? Maji yakiwa yamekupwa, mgeni anashuka wapi, na je, itabidi avue viatu akanyage maji? Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ratiba inabadilika? Kisiwani wanaishi watu, kwa hiyo mgeni avae vipi? Songo Mnara ni safari ya saa ngapi kwenda na kurudi, na chakula cha mchana kinatoka wapi? Mgeni aliyesoma majibu hayo hana haja ya kukuuliza mara kumi, na anakuamini kabla hajakuona.

Historia iandikeni kwa ufupi na kwa usahihi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye anayetajwa kuwa alijenga jumba la kifalme la Husuni Kubwa. Hayo machache yanatosha, pamoja na Msikiti Mkuu na ngome inayoitwa Gereza. Mtalii wa Kilwa mara nyingi amesoma kabla ya kuja; akikuta umekosea mwaka, atashuku na bei zako.

Ukurasa wa kufika nao msiupuuze. Ninyi mnaona ni jambo dogo: panda basi Dar, shuka Nangurukuru, njia panda ya kuingia Masoko, au endelea hadi Masoko. Mgeni haijui Nangurukuru. Hajui kwamba mabasi ya Mtwara hayaingii Masoko na kwamba akilala usingizi atazindukia Lindi. Mwandikie apande basi gani, ashuke wapi, achukue usafiri gani kutoka hapo, na ampigie nani akichelewa usiku.

Hapa naongeza sharti moja la kumpa fundi, nalo linatokana na hali ya kwetu. Mwezi Mei 2024, kipindi cha Kimbunga Hidaya na mvua zake, barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi ilikatika pale Somanga na wasafiri wakakwama. Mwezi uleule, Mei 12, nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima. Siku kama zile mgeni aliyeko mbali anafungua tovuti kuuliza: njia inapitika? Kama kuweka mstari mmoja wa tangazo kunahitaji kumtafuta fundi, tovuti haitakusaidia siku unayoihitaji zaidi. Mwambie: nataka juu ya ukurasa wa mwanzo pawe na sehemu ya tangazo fupi ambayo mimi mwenyewe naibadilisha kwa simu yangu, na bei za vyumba vilevile. Akufundishe, kisha ufanye mara tatu kwa mkono wako mbele yake. Ni rahisi kuliweka hilo sasa, kabla ujenzi haujakolea, kuliko kulidai baadaye.

Bei ziwe za shilingi. Violezo vingi vya tovuti za hoteli huja na alama ya dola, na fundi huiacha ilivyo bila kufikiri. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Angalieni pia kama bei imeandikwa kwa chumba au kwa mtu, na kama chai ya asubuhi imo.

Picha mpige wenyewe. Ile picha ya ufukwe mweupe ambayo mafundi hupenda kuiweka mbele kwa kawaida si ya Kilwa, na mgeni akifika atajua. Simu nzuri inatosha. Pigeni asubuhi mapema, maji yakiwa yamejaa, boti ikiwa imeoshwa na jina linasomeka. Vyumba vipigwe madirisha yakiwa wazi na vitanda vimetandikwa, mtu akisimama kwenye pembe ili nafasi ionekane, bila kuchuja rangi. Choo nacho kipigwe, maana wageni hukitafuta kuliko mnavyodhani. Picha moja ya simu huwa na megabaiti nne au zaidi. Kumi kwenye ukurasa mmoja ni megabaiti 40, na mgeni anayetumia bando akiwa njiani hatazisubiri. Fundi azipunguze hadi kila moja iwe na kilobaiti 150 au 200. Ukurasa mzima unabaki na megabaiti mbili, na kwa macho ya kawaida kwenye simu tofauti haionekani. Nyinyi mbaki na zile kubwa kwenye flashi.

Lugha ziwe mbili, Kiswahili na Kiingereza, na Kiingereza kisomwe na mtu anayekijua vizuri kabla hakijapandishwa. Shemeji wa Dar apewe kazi hiyo. Atafurahi, na ataacha rangi.

Maneno na picha zikishamfikia fundi, msikubali tena kuonyeshwa kompyuta yake. Aweke toleo la majaribio kwenye anwani ya pembeni yenye nywila, mlifungue kwenye simu zenu. Google yenyewe huipima tovuti kwa jinsi inavyoonekana kwenye simu, kwa hiyo kompyuta ya fundi haiwaambii mengi. Jaribu kwa kumpa simu ya bei ya chini mtu ambaye hajaiona kazi hii, labda dereva wa bodaboda pale Nangurukuru, akitumia intaneti ya simu. Mwambie: nitafutie bei ya chumba cha watu wawili na saa ya boti kuondoka. Usimwelekeze. Atakapokwama, ndipo panapohitaji kurekebishwa, hata kama wewe unapapenda.

Toleo la majaribio hufichwa lisionekane Google, na ndivyo inavyotakiwa. Siku ya kuzindua lazima fundi aondoe kizuizi hicho. Nimeona tovuti nzuri ikikaa miezi bila mgeni hata mmoja kutoka Google kwa sababu alama moja ndogo ya kuficha ilisahaulika. Mwulize kwa kinywa chako siku hiyo: umeondoa? Siku hiyohiyo hakikisha kuna ile kufuli mbele ya anwani, yaani cheti cha usalama. Kipo cha bure kinachotolewa na Let's Encrypt, kwa hiyo kisiwe sababu ya kuongezewa gharama kubwa. Tovuti isiyokuwa nacho, kivinjari cha Chrome huiandika kuwa si salama tangu mwaka 2018.

Fomu ya mawasiliano iombe jina, simu au baruapepe, tarehe na idadi ya watu. Msiombe nakala za pasipoti kwa mtandao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamhusu kila anayekusanya taarifa za watu, na inataka wakusanyaji wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mnavyochukua kidogo ndivyo mnavyokuwa na kidogo cha kulinda.

Fedha zilizobaki, shilingi 600,000, zigawanyeni. Laki mbili akikabidhi jina na hosti na toleo la majaribio likifunguka kwenye simu zenu. Laki mbili kurasa zote tano zikiwa tayari. Laki mbili za mwisho wiki mbili baada ya kuzindua, zikiwa zimepita bila hitilafu na ukiwa umeshabadilisha bei kwa mkono wako. Nusu kwa nusu ndiyo iliyowafikisha hapa: nusu ya kwanza imeshaliwa, na ya pili iko mbali mno kumsukuma.

Muda mnao, kama maneno na picha zitamfikia ndani ya siku kumi. Zisipomfikia, mwezi wa sita utapita, na hapo msimlaumu yeye. Mpelekee ujumbe huu kesho asubuhi, uubadilishe upendavyo:

"Habari za asubuhi. Tunaomba radhi kwa kukuchelewesha. Kuanzia leo anayeamua ni mimi peke yangu. Maandishi ya kurasa tano na picha utavipata kabla ya tarehe 10 mwezi wa tano. Kwa upande wako, wiki hii tunaomba utuandikie msajili wa jina ni nani, limeandikwa kwa nani, kwa baruapepe gani na linaisha lini, tubadilishe liwe la biashara. Gharama zako tutarudisha. Nataka pia niweze kubadilisha bei na tangazo mwenyewe kwa simu. Malipo yaliyobaki tutayagawa mara tatu, nitakueleza tukionana. Tuonane Jumamosi saa nne hapa gesti. Njoo na chaja, umeme upo."